Chile Peke Yako, Kutoka Jangwani Hadi Kwenye Barafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Niliivuka Chile peke yangu kwa siku 26, kutoka kaskazini penye chumvi na vumbi hadi kusini, ambako upepo ulinivua kofia siku ya kwanza na sikuiona tena. Tangu hapo naulizwa maswali yale yale, mengine kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tiketi, mengine kwa sauti ya mama yake. Majibu yangu ndiyo haya. Pale nilipokosea, nimesema nilikosea.

Kwa nini Chile?

Kwa sababu umbo lake limekwisha kukupangia safari. Nchi yenyewe ni utepe: takriban kilomita 4,300 toka juu hadi chini, na upana wake kwa wastani haufiki hata kilomita 200. Mashariki umesimama ukuta wa Andes, magharibi iko Pasifiki, nawe unateremka katikati. Unaanza na jangwa la Atacama, unapita mashamba ya mizabibu, unafika kwenye maziwa yaliyokaa chini ya volkano, kisha visiwa vya mvua, na mwisho milima ya mawe ya matale na mito ya barafu. Njia ni hiyo moja. Asiye na mwenzake wa kushauriana naye hushukuru sana kupunguziwa maamuzi.

Ila ramani yake ina udanganyifu. Kwenye skrini ya simu nchi nzima inaingia kwa mkupuo, na kila kitu kinaonekana jirani ya kingine. Kumbe kutoka Calama, mji wa jangwani kaskazini, hadi Santiago, mji mkuu, tu ni zaidi ya saa 20 kwa basi, na hapo hujafika hata nusu ya nchi.

Nina wiki mbili. Niweke vituo vingapi?

Vitatu. Najua umeshaandika sita. Kila anayeniuliza huwa ameandika sita.

Kila ukihama unapoteza siku. Si saa za kwenye basi au ndege peke yake, bali kufunga begi, kufika stendi mapema, kusubiri chumba kiwe tayari, kutafuta duka la chakula katika mji usioujua. Mkiwa wawili, mmoja hulinda mizigo mwingine akaenda chooni. Ukiwa peke yako unaingia chooni na begi la kilo 14 mgongoni na jingine kifuani, na mlango hauwezi kufunga ukiwa ndani. Mambo madogo kama hayo ndiyo yanayomchosha msafiri wa peke yake, kuliko hata kupanda mlima.

Mimi niliweka vituo saba kwa siku 26, na viwili vilipotea bure. Puerto Varas naikumbuka kwa mashine ya kufulia nguo tu. Watu huenda pale kuitazama volkano Osorno ng'ambo ya ziwa, mlima wenye umbo la pia iliyopinduliwa na theluji kileleni. Nilikaa siku moja na nusu, mawingu hayakufunguka hata dakika moja, nikaondoka na nguo safi. Ningekaa siku tatu huenda ningeiona; ningeiruka kabisa ningepata siku mbili zaidi kwingine. Nilichagua kati na kati nikakosa vyote.

Kwa wiki mbili: San Pedro de Atacama usiku minne, Valparaíso usiku miwili, Puerto Natales pamoja na hifadhi ya Torres del Paine usiku mitano au sita. Zilizobaki zitaliwa na safari zenyewe. Ukiwa na wiki tatu, ongeza kisiwa cha Chiloé au Pucón, mji wa volkano, lakini chagua kimoja.

Nianzie kaskazini au kusini?

Kaskazini, kama unasafiri kati ya Novemba na mwanzoni mwa Machi. Atacama hukupa siku za matembezi mafupi na jua la uhakika, mwili unazoea kutembea kabla ya kukutana na mabonde ya kusini. Ukichelewa na kufika mwishoni mwa Machi, geuza: kimbilia kusini kabla baridi haijaanza kufunga njia.

Mwezi gani ni mzuri?

Machi, bila kusita. Wachile wenyewe huchukua likizo Januari na Februari, na miezi hiyo mabasi na vitanda vya kusini vinajaa hadi pomoni. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitarajii: katika miezi hiyo hiyo nyanda za juu za Atacama hupata mvua zinazovuka kutoka upande wa Bolivia. Wenyeji huiita baridi ya altiplano, ingawa ni majira ya joto. Mito hufurika, barabara za kwenda kwenye maziwa ya juu hufungwa. Ajabu ya kukwama kwa sababu ya mafuriko katika jangwa!

Epuka pia siku zinazoizunguka Septemba 18 na 19, sikukuu za taifa, isipokuwa unakuja kwa ajili ya sherehe zenyewe.

Visa?

Inategemea pasipoti yako. Uliza ubalozi wa Chile mapema, na uulize pia kuhusu kila nchi utakayobadilishia ndege. Ukiruhusiwa kuingia, mtalii kwa kawaida hupewa siku 90. Mpakani unapewa karatasi ndogo kama risiti ya dukani. Usiitupe! Hotelini wataiomba, na wakati wa kutoka pia. Mimi niliibandika kwa gundi ya karatasi ndani ya jalada la daftari.

Ni kweli wanakagua hadi tufaha?

Ni kweli. Chile imezungukwa na jangwa, bahari na milima, na kilimo chake kimefaidika na uzio huo kwa kuepukana na wadudu wengi waharibifu. Kwa hiyo wakaguzi wa kilimo, wanaojulikana kwa kifupi SAG, hawana mchezo. Matunda, mbegu, asali, jibini, nyama, hata kitu cha mbao, unatangaza kwenye fomu. Kutangaza hakuna adhabu. Kuficha kuna faini.

Nilikuwa na tufaha nililopewa ndani ya ndege. Nililisahau, nikaweka tiki ya "hapana", halafu nikiwa kwenye foleni mkono ukaligusa mfukoni. Nilirudi kwa ofisa nikiwa nimeloa jasho nikaomba fomu nyingine. Alinitazama, akalitazama tufaha, akaelekeza pipa kwa kidole. Basi. Sheria yangu tangu siku hiyo: ukiwa na shaka, tiki "ndiyo".

Nisafirije kutoka kituo hadi kituo?

Mabasi ya Chile ni mazuri, na msafiri wa peke yake anayafaidi kuliko mtu yeyote. Tafuta daraja linaloitwa salón cama. Viti ni vitatu tu kwa mstari, viwili upande mmoja na kimoja upande mwingine. Hicho kimoja ndicho chako: unajiegemeza dirishani, hakuna jirani wa kumruka usiku ukienda msalani. Daraja la semi cama lina viti vinne kwa mstari na bei yake ni nafuu. Kwa saa sita linatosha, kwa saa kumi na mbili utajuta.

Begi kubwa linawekwa buti na unapewa kipande cha namba. Kishike kama pasipoti, maana bila hicho hupewi mzigo. Begi dogo lenye vitu vya thamani usiliweke juu ya kichwa wala chini ya kiti cha mbele. Lipitishe mguuni, ukanda ukizunguka goti, ndipo ulale.

Usumbufu mmoja: tovuti nyingi za mabasi huomba RUT, yaani namba ya kitambulisho cha Chile, na baadhi hukataa kadi za nje. Tafuta kitufe cha pasipoti. Kikikosekana, nenda dirishani stendi, hakuna shida.

Ndege ninaishauri kwa vipande viwili. Cha kwanza ni Santiago hadi Calama, uwanja wa ndege wa kwendea San Pedro, takriban saa mbili badala ya usiku mzima na mchana juu yake. Cha pili ni kwenda kusini kabisa, kwa sababu barabara ya Chile yenyewe inakatika kwenye misitu, ghuba na barafu. Basi linalotoka Puerto Montt kwenda Punta Arenas hulazimika kuingia Argentina na kurudi. Kutoka Punta Arenas hadi Puerto Natales ni kilomita 250 hivi, saa tatu za nyasi, kondoo na upepo.

Kuna pia meli, Puerto Montt hadi Puerto Natales, siku tatu hadi nne kupitia mikono ya bahari. Niliipenda kuliko usafiri wowote ule, kwa sababu kwenye meli msafiri wa peke yake hawi peke yake zaidi ya nusu saa: chakula ni cha pamoja, meza ni chache, na nje hakuna mtandao wa simu. Ila mahali fulani meli hutoka kwenye mikono hiyo na kuingia bahari wazi, kwenye ghuba inayoitwa Golfo de Penas. Kunywa dawa ya kichefuchefu kabla hujaambiwa. Mimi nilijifanya mjuzi wa bahari, nikatumia usiku ule nimekumbatia ndoo ya plastiki ya rangi ya machungwa.

Atacama peke yangu, je, ule mwinuko?

Hili ndilo swali ambalo watu huliuliza kwa haraka na mimi hulijibu polepole.

Mji wa San Pedro uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na wengi hawahisi chochote pale zaidi ya midomo kukauka. Tatizo ni safari za mchana. Chemchemi za mvuke za El Tatio ziko mita 4,300 hivi, na maziwa ya Miscanti na Miñiques yako juu ya mita 4,000. Kampuni za utalii zitakuuzia safari hizo hata siku uliyofika, kwa sababu wewe ndiye unayelipa. Kataa. Siku mbili za kwanza kaa chini: Bonde la Mwezi, kijiji, baiskeli hadi magofu ya Pukará de Quitor. Kunywa maji, acha pombe. Panda siku ya tatu au ya nne.

Ukiwa na mwenzako, yeye ndiye atakayegundua kwamba umeanza kuongea kama mlevi au unayumba. Ukiwa peke yako hakuna wa kukugundua. Kwa hiyo mwambie mwongozaji asubuhi ile ile, kabla gari halijaondoka: "Niko peke yangu, ni mara yangu ya kwanza kufika juu hivi." Mwongozaji wangu alinihamishia kiti cha mbele na akawa ananiuliza maswali ya kipuuzi kila nusu saa. Nilidhani anapenda soga. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa ananipima. Kichwa kikiuma na hakitulii, au ukitapika, dawa yake ni kuteremka. Hakuna ushujaa hapo.

El Tatio wanakupeleka alfajiri, gari linakuchukua saa kumi usiku au karibu na hapo, kwa sababu mvuke huonekana vizuri hewa ikiwa baridi kabisa. Na ni baridi kweli, nyuzi kumi chini ya sifuri si jambo la kushangaza. Nilivaa soksi jozi mbili na bado vidole vilikufa ganzi. Kisha jua likachomoza juu ya ukingo wa mlima, nguzo za mvuke zikageuka dhahabu kwa dakika chache, maji yakawa yanachemka kwenye mashimo kwa sauti ya sufuria iliyofunikwa vibaya. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimebaki na fulana. Tembea ndani ya mipaka ya mawe iliyowekwa. Ardhi pale ni ganda, na chini yake maji yanatokota.

Maji ya bomba Chile kwa ujumla ni salama, lakini San Pedro nunua ya kunywa. Yale ya bomba yana madini mengi kupita kiasi.

Kwa nini pale ni pakavu hivyo?

Mkondo baridi wa bahari uitwao Humboldt hupoza hewa ya pwani isipande kuwa mawingu ya mvua, na Andes huzuia unyevu unaotoka mashariki. Mji wa Arica, kaskazini kabisa, hupata kwa wastani chini ya milimita 1 ya mvua kwa mwaka. Hewa hiyo kavu ndiyo iliyowaleta wanaastronomia: darubini ya redio ya ALMA, yenye antena 66, iko kwenye uwanda wa Chajnantor, mita 5,000 hivi. Nawe ukitaka kuona nyota, angalia kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi ya ndege. Mwezi mpevu hufuta nusu ya anga, na siku hizo baadhi ya waongozaji hawatoki kabisa.

Valparaíso ni hatari?

Ina pande mbili. Vilima vya Alegre na Concepción, vyenye nyumba za bati zilizopakwa kila rangi na michoro hadi kwenye ngazi, vimejaa watalii mchana na unatembea kwa raha. Jioni, ngazi zile zile huwa tupu na mtu mwenye simu mkononi huonekana toka mbali. Mimi nilikuwa na utaratibu mmoja: simu haitoki mfukoni nikiwa nimesimama barabarani, nikihitaji ramani naingia dukani. Kamera shingoni usiku, hapana. Baada ya giza nilipanda teksi hata kwa dakika tano.

Panda zile lifti za reli zinazokwea kilima. Ya kwanza, Concepción, ilifunguliwa mwaka 1883. Mji huu ulitajirika kwa meli zilizozunguka ncha ya kusini ya bara, na Mfereji wa Panama ulipofunguliwa mwaka 1914 meli zikakata njia ya mkato. Utajiri ulikwama ulipokuwa, na uzuri wa leo umetokana kwa kiasi na kukwama huko.

Kutoka Santiago ni saa moja na nusu hivi. Pandia basi Pajaritos, kituo kilichoungana na metro, uepuke foleni za katikati ya jiji.

Pucón au Chiloé?

Pucón ikiwa unataka kupanda volkano. Villarrica ina mita 2,847 na bado iko hai. Ililipuka Machi 2015. Kileleni mtalii hupanda na waongozaji, na siku ambayo kiwango cha tahadhari kimepandishwa hakuna anayepanda, hata kama umesafiri nusu ya dunia. Usilipe kwa siku yako ya mwisho mjini.

Mimi ni mtu wa Chiloé. Basi linaingia na abiria wake ndani ya pantoni, nusu saa baharini, sili wanachungulia. Kisiwani kila kitu ni mbao na mvua. Makanisa 16 ya mbao yamo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na mafundi wake walikuwa wajenzi wa mashua: ukiingia ukatazama juu, dari ni ngalawa iliyopinduliwa. Mjini Castro nyumba zimesimama juu ya nguzo, maji yakija na kupwa chini ya jikoni za watu.

Kula curanto, ile ya shimoni, si ya sufuria. Mawe yanachomwa hadi yawe mekundu, juu yake wanamwaga kome na kombe, nyama ya nguruwe, viazi, na maandazi ya viazi yanayoitwa milcao, kisha wanafunika kwa majani ya nalca makubwa kama mwavuli na kulundika udongo wenye nyasi juu. Nilikodolea macho lile lundo likifuka moshi kwa zaidi ya saa moja. Shida ya peke yako ni kwamba curanto hupikwa kwa kundi. Nenda Jumapili, uliza nyumba ya wageni nani anapika, utakaribishwa kwenye meza ya watu.

Naruhusiwa kutembea Torres del Paine bila mwenzangu?

Katika majira ya joto, ndiyo. Wakati wa baridi kali unatakiwa uwe na mwongozaji. Lakini ruhusa si tatizo, tatizo ni vitanda. Njia maarufu ya W, iitwayo hivyo kwa umbo lake kwenye ramani, ina kilomita 80 hivi, watu huitembea kwa siku nne au tano, na kila usiku lazima uwe na nafasi iliyolipiwa, iwe kitanda cha bandani au eneo la hema. Maeneo hayo yanaendeshwa na kampuni tofauti, kwa hiyo utakuwa unaunganisha usiku wa huku na wa kule kama anayeshona kiraka. Anza miezi minne au mitano kabla. Mtu mmoja ana faida hapa: kitanda kimoja hubaki pale ambapo viwili vimekwisha.

Kama hukupata, usilie. Lala Puerto Natales na panda basi la asubuhi, saa mbili hivi hadi langoni. Matembezi ya kwenda chini ya minara mitatu ya mawe iliyoipa hifadhi jina na kurudi ni takriban kilomita 20, siku nzima. Saa ya mwisho ni mawe matupu. Nilikuwa nimelaani kila jiwe kufikia pale juu, nikakuta ziwa la kijani cha maziwa, minara mitatu imesimama nyuma yake, na watu kama thelathini wote wamenyamaza wakitafuna mikate.

Upepo uchukulie kwa uzito. Huweza kupita kilomita 100 kwa saa, na huja kwa vishindo. Ukisikia sauti kama lori linakuja bondeni, chuchumaa, shika fimbo zako chini. Usisimame ukingoni kupiga picha.

Moto ni marufuku. Mwishoni mwa mwaka 2011 mtalii mmoja alisababisha moto ulioteketeza zaidi ya hekta 17,000, na vigogo vilivyokauka vyeupe bado vinaonekana njiani. Jiko la gesi linawashwa tu mahali palipotengwa.

Nani ajue niko wapi?

Mtu mmoja nyumbani, na mtu mmoja pale ulipo. Wa nyumbani nilimwachia orodha ya usiku wangu wote na sharti moja: nisipoandika ndani ya saa 36 baada ya siku niliyotaja, aanze kupiga simu. Wa pale ni mwenye nyumba ya wageni. Mwambie unaenda njia gani na utarudi lini. Namba za dharura ni 131 gari la wagonjwa, 132 zimamoto, 133 polisi. Bima iwe inayogharamia uokoaji milimani, soma yale maandishi madogo.

Kuwa peke yangu kunanigharimu zaidi?

Ndiyo, na inauma. Chumba cha mtu mmoja mara nyingi ni robo tatu ya bei ya wawili, na safari nyingine haziondoki hadi wapatikane wawili au wanne. Wakala mmoja kusini alinichukulia malipo yote, akaahirisha siku mbili mfululizo "hadi kundi litimie", kisha akataka kunirudishia nusu. Baada ya hapo nilikuwa nauliza kabla ya kutoa pesa: mmeshapata wangapi, na wasipotimia mnarudisha kiasi gani? Andikiwa jibu kwenye risiti.

Pa kuokoa ni mchana. Migahawa huwa na mlo wa siku, supu, sahani kubwa na kitindamlo kwa bei moja, na mtu kula peke yake saa saba mchana ni jambo la kawaida kabisa. Jioni Wachile wengi hawali mlo mzito, wanakunywa chai kwa mkate na parachichi lililopondwa, desturi inayoitwa once. Nilinunua mkate wa marraqueta na parachichi karibu kila jioni na sikuwahi kuchoka.

Pesa zikoje?

Peso ya Chile huandikwa kwa alama ile ile ya dola, na nukta hutenganisha maelfu. Ukiona $10.000 kwenye sahani ya samaki, usizimie. Ni peso elfu kumi. Mtaani elfu moja huitwa luca, "diez lucas" ni hiyo elfu kumi. Mashine za kutolea pesa hukata ada ya maelfu kadhaa ya peso kila mara, kwa hiyo toa kiasi kikubwa mara chache.

Hotelini kuna unafuu ambao wengi hawauombi. Mtalii wa kigeni anayelipa kwa fedha za kigeni au kadi ya nje kwenye hoteli iliyosajiliwa husamehewa kodi ya asilimia 19, akionyesha pasipoti na ile karatasi ya mpakani. Hosteli ndogo mara nyingi hazimo.

Kihispania changu ni cha kuungaunga. Nitaelewa?

Hutaelewa, hata kingekuwa kizuri. Wachile humeza herufi s na kuongeza "po" mwishoni mwa kila kitu: sí po, no po. "¿Cachai?" ni "umeelewa?", na "al tiro" ni "sasa hivi", ingawa sasa hivi hiyo ina kona zake. Waombe warudie polepole, hawachoki.

Kwa mwanamke je?

Mimi ni mwanamke. Swali nililolisikia kila siku ni "¿Anda sola?", yaani unatembea peke yako? Mara nyingi liliulizwa na akina mama wa makamo, na baada yake likaja tunda, kiti au namba ya simu ya binti yao wa mji unaofuata. Likiulizwa na mwanamume nisiyemwelewa kwenye stendi usiku, jibu langu lilikuwa rafiki zangu wananisubiri nje. Nililala mabweni ya wanawake mijini. Mlimani sikujali, kila mtu ananuka sawa na kila mtu amechoka.

Matetemeko?

Yapo. Tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, la 9.5, lilipiga karibu na Valdivia Mei 22, 1960, na la Februari 27, 2010 lilikuwa 8.8. Madogo wenyeji hawainui hata macho. Ukiwa pwani, siku ya kwanza fuata kwa miguu mabango ya njia ya kukimbilia tsunami uone yanaishia wapi. Ukishikwa na mtikisiko unaokufanya usiweze kusimama, usisubiri king'ora, panda kilimani.

Nibebe nini?

Koti la upepo la kweli, losheni ya jua (kusini pia, jua la kule ni kali kuliko linavyohisiwa), tabaka nyembamba nyingi kuliko koti moja nene, taa ya kichwani, na kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni. Mwavuli acha nyumbani, Patagonia, yaani kule kusini kwenye upepo, utaufungua mara moja tu.

Vipi Rapa Nui, kisiwa cha yale masanamu?

Kiko kilomita 3,700 hivi baharini, saa tano na zaidi kwa ndege kutoka Santiago. Ni safari nyingine kabisa, ifanye peke yake.

Nikiwa Puerto Natales, nivuke kwenda Argentina kuona barafu ya Perito Moreno?

Ukiwa na siku tatu za ziada, vuka. Basi la kwenda El Calafate, mji wa Argentina ulio karibu na barafu hiyo, huchukua saa tano au sita, foleni ya mpakani ikiwemo. Hakikisha visa yako inakuruhusu kuingia Argentina na kurudi Chile. Na kula matunda yote kabla basi halijarudi mpakani.